Uchafu ni wako, uchakavu ni wangu

Safu ya Muulize Mama Mwenye Nyumba

Mwezi huu barua zenu zimekuja kwa mkupuo, na karibu zote ni za kuhama. Sishangai. Kodi za miezi 6 zilizolipwa Januari zinafika mwisho na madalali wameshaanza kupiga simu asubuhi asubuhi. Kwa wanaoniandikia mara ya kwanza: nilipanga miaka 19, Magomeni, Buguruni, kisha Tabata, kabla sijajenga. Sasa nina vyumba 5 vya kupangisha Mbagala, ukuta kwa ukuta na chumba ninacholala. Nimeshakatwa dipoziti nikalia, na nimeshamkata mtu dipoziti naye akalia. Haya, tuanze.

Swali: Shikamoo mama. Nimekaa miaka 4 kwenye nyumba ya vyumba viwili huku Segerea, na mwisho wa mwezi nahama. Mwenye nyumba ameshikilia dipoziti yangu ya kodi ya mwezi mmoja, shilingi 300,000, na ameniambia atakuja kukagua mwenyewe. Jikoni nilikuwa nakaanga maandazi ya kuuza, kwa mkaa kwanza, baadaye kwa gesi. Ukuta umegeuka kahawia. Bafuni maji ya kisima yameacha magamba meupe kila mahali na choo kina mstari wa njano usiotoka. Naanzia wapi? (Muuza maandazi, Segerea)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Biashara iendelee huko uendako.

Usisafishe chochote kabla vitu havijatoka. Watu husugua nyumba wiki nzima huku kabati na kitanda viko palepale. Siku ya kuhama vibarua wanavuta kabati, na nyuma yake kuna tandabui, soksi ya mtoto na vumbi la miaka 4, linamwagika juu ya sakafu iliyopigwa deki jana. Jipe siku moja ya ziada. Kama kodi inaisha tarehe 30, kirikuu ije tarehe 28. Na viko vitu ambavyo havipandi kirikuu: ndoo mbili, fagio la ndani, fagio la mti mrefu la kutolea tandabui, dekio, brashi ngumu, mswaki wa zamani, matambara, sabuni, stuli na bisibisi. Nilipohama Buguruni nilipakia ndoo kwanza kwa sababu ilikuwa imejaa vyombo. Nyumba nikaipiga deki kwa maji ya sufuria ya ubwabwa.

La pili ni macho. Nyumba hiyo umeizoea, na mtu haoni uchafu aliouzoea. Mimi nikiingia kukagua chumba, katikati ya sebule sipaangalii kabisa, najua umepafagia. Napitisha kidole juu ya fremu ya mlango wa jikoni. Navuta dirisha la alumini na kuchungulia reli yake, ambako mchanga, mbu wakavu na maji ya mvua vimeshakuwa tope. Naangalia nyuma ya mlango wa choo, maana mlango ukiwa wazi ukuta ule hauonekani na watu huusahau. Naangalia mapanga ya feni kwa juu. Naangalia swichi, na ukuta unaozunguka swichi, pale mikono ya watoto inapopapasa gizani. Basi kabla hajaja yeye, zunguka wewe kwa njia hiyo, na kidole chako mbele.

Sasa jikoni. Hapo una uchafu wa aina mbili, na kila mmoja una tabia zake. Masizi ya mkaa ni makavu. Ukiyarukia na kitambaa chenye maji unayageuza wino, na ukuta unaunywa. Yapanguse kwanza makavu, kwa fagio laini au kitambaa kikavu, kuanzia darini kuja chini, na ufunge pua. Ukimaliza ndipo uanze na mafuta ya kukaangia, ambayo yamekaa juu ya ukuta kama utandu wa uji. Haya hayaogopi nguvu za mkono, yanaogopa joto na muda. Maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa mkono, sabuni ya maji ya vyombo kwa wingi, paka, subiri robo saa, ndipo ufute. Palipogoma, koroga magadi kidogo na maji yawe kama uji mzito, paka, subiri, futa. Vaa glavu, magadi yanakula ngozi.

Najua utaniambia jirani yako anachanganya magadi na ndimu, na vinachemka kwa povu zuri. Povu linafurahisha macho tu. Magadi na ndimu vikikutana vinauana nguvu, na unabaki na maji ya chumvi. Magadi yafanye kazi yake kwenye mafuta, na ndimu tutaihitaji bafuni.

Kabla hujasugua ukuta wote, jaribu mahali pa siri, chini nyuma ya mlango. Kitambaa kikitoka na rangi, hiyo ni rangi ya maji. Iguse kwa sponji laini na mkono mwepesi. Rangi ya mafuta inavumilia. Na hapa kuna jambo alilonifundisha fundi rangi mmoja wa Magomeni, sikuliamini mpaka nilipojaribu: vumbi hutolewa kutoka juu kwenda chini, lakini ukuta huoshwa kutoka chini kwenda juu. Ukianzia juu, maji machafu yanachuruzika kwenye sehemu kavu yenye masizi na kuacha michirizi ambayo hutaitoa tena. Ukianzia chini, yanachuruzikia palipokwisha kulowa, unayafuta tu.

Nyavu za madirisha ya jikoni usizisugue zikiwa ukutani. Fungua skrubu, zilaze uani, zimwagie maji ya sabuni ya unga, piga brashi taratibu pande zote mbili, suuza, anika. Ukiziangalia zikiwa juani utajua ni kwa nini jiko lako lilikuwa giza.

Bafuni, magamba meupe ni chumvi ya maji ya kisima. Sabuni haiyawezi, na jiki haiyawezi kabisa, hata umwage chupa nzima. Yanayeyushwa na kitu kikali kama siki au ndimu. Loweka matambara kwenye siki, yafunge kwenye koki, yaache saa nzima, ndipo usugue kwa mswaki. Bomba la mvua lililoziba matundu, jaza siki kwenye mfuko wa maziwa uliokwisha (mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, najua huna), uvike kichwa cha bomba na ufunge kwa mpira, uache usiku kucha. Waya wa kusugulia masufuria usiguse koki wala marumaru. Mikwaruzo ile ni ya milele, na hiyo atakukata.

Ule mstari wa njano chooni ni magamba yaleyale, yameshika kutu. Watu humwaga dawa kwenye choo kilichojaa maji, dawa inazimuliwa, mstari unabaki unawacheka. Sukuma maji kwa brashi yashuke kwanza, mstari uwe nje ya maji, ndipo umwage siki au dawa ya choo juu yake, uiache nusu saa, usugue. Kama sakafu ya bafu ni terazo, siki na asidi ziishie chooni. Terazo ni saruji na vipande vya mawe ya chokaa, asidi inaitafuna na kuifanya iparuze kama msasa.

Nisikilize hapa vizuri. Siki au dawa ya choo haikutani na jiki. Mwaka 2009 nilimwaga asidi chooni, nikaona inachelewa, nikaongeza jiki juu yake ili mambo yaende haraka. Haikupita nusu dakika koo likakaba, macho yakawaka, nikatoka uani na kanga moja nakohoa mpaka jirani akafikiri nina pumu. Inayotoka ni gesi ya klorini, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha inaua. Ukitaka kutumia zote mbili, tumia moja, suuza kwa maji mengi, jiki iwe kesho. Na kabla ya jiki mwaga maji, maana na mkojo nao haipatani.

Mwisho ni sakafu. Piga deki mara mbili: ya kwanza na sabuni, ya pili maji matupu. Sabuni iliyobaki sakafuni inanata, na mwenye nyumba akiingia na kandambili zake anaacha nyayo, kisha anakuuliza mbona hujadeki. Rudi nyuma kuelekea mlangoni. Piga picha kila chumba, piga picha mita ya Luku na uniti zilizobaki, lipa bili ya maji na utunze risiti. Siku ya kukagua uwepo mwenyewe, usimtume mdogo wako.

Swali: Mama, shikamoo. Napanga Mwanza, chumba na sebule, miaka 3. Nina matundu ya misumari kama 11, mtoto amebandika stika, kona ya chumbani imetoa fangasi na rangi inabanduka chini karibu na sakafu. Mwenye nyumba anasema nipake rangi nyumba nzima ndipo anirudishie pesa. Ni haki? (Baba wa mtoto mmoja, Mwanza)

Jibu: Marahaba, baba. Wapangishaji wenzangu watanichukia, lakini nitasema. Kuna uchafu na kuna uchakavu. Uchafu ni wako, uchakavu ni wangu. Miaka 3 rangi inapauka kwa jua na kwa kukaa watu tu, na kwa hilo nimeshalipwa: ndiyo kodi niliyokuwa napokea. Hata Sheria ya Ardhi ya 1999, huku Bara, inamtaka mpangaji airudishe nyumba kama alivyoikuta, ila inamtoa kwenye uchakavu wa matumizi ya kawaida, na kwenye moto au mafuriko ambayo hakuyasababisha kwa uzembe. Kwa hiyo angalia kwanza mkataba wako umesema nini juu ya rangi. Kama haukusema kitu, rangi ya nyumba nzima si yako.

Sasa tugawane ulivyovitaja. Misumari ni yako, uliipiga wewe. Usiing'oe kwa kuivuta moja kwa moja, inatoka na plasta. Weka kipande cha ubao ukutani, nyundo iegemee juu yake, zungusha kidogo ndipo uvute. Tundu lijaze puti ya ukutani kwa kisu kisicho na makali, acha ikauke kabisa, kesho yake piga msasa laini mpaka kiganja kisihisi kitu. Dawa ya meno ambayo vijana wa vyuoni hujazia matundu ninaijua. Naijua kwa harufu.

Stika ni zako. Zipashe joto kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto, zitabanduka zenyewe kwa kona. Gundi inayobaki ipake mafuta ya kula kidogo, isubiri, ifute, kisha sabuni ili mafuta yasiache doa. Mlangoni na kwenye fremu mafuta ya taa yanafaa. Ukutani usiyatumie, yanazama kwenye rangi na harufu haiishi.

Rangi inayobanduka chini karibu na sakafu, na ukiipapasa inaacha unga mweupe wenye chumvi mkononi, hiyo si yako kabisa. Ni maji yanayopanda kutoka ardhini kwenye ukuta usiokuwa na kizuizi. Fundi wa mwenye nyumba ndiye alaumiwe, na hata ukipaka rangi leo itabanduka mvua zijazo.

Fangasi ya kona tutaijadili. Kama ni juu, pale bati linapovuja, ni ya mwenye nyumba. Kama ni nyuma ya kabati ulilolisukuma ukutani miaka 3 bila hewa, dirisha limefungwa na nguo mbichi zimeanikwa ndani, hiyo umeifuga mwenyewe. Ifute kwa jiki iliyozimuliwa, dirisha wazi, acha ikae dakika 10, suuza.

Na ukiamua kugusia rangi, usipake kiraka. Rangi mpya juu ya rangi ya miaka 3 inaonekana kama bandeji, hata kopo likiwa lilelile. Paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona, zilizobaki waachie.

Swali: Hujambo mama. Nilihama bedsita yangu Kasarani, nikaiosha siku nzima, nikakabidhi funguo kwa msimamizi wa ploti. Wiki mbili baadaye landilodi anasema ameondoa pesa za kusafisha na za rangi, na kwamba deposit yangu yote imeisha. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Nairobi)

Jibu: Sijambo, mwanangu. Kazi uliifanya, ulichokosa ni ushahidi. Ulipokabidhi funguo ulitakiwa uzunguke na msimamizi chumba kwa chumba, muandike hata kwenye karatasi ya daftari kwamba sinki ni zima, choo ni safi, vioo ni vizima, mtie sahihi wote wawili na upige picha karatasi hiyo. Msimamizi akikataa kusaini, mtumie palepale ujumbe wa simu wenye picha: "Nimekukabidhi chumba leo saa 10 jioni, kiko hivi." Asipojibu, ujumbe bado una tarehe.

Kwa sasa soma mkataba. Mikataba mingi ya huko Kenya inamtaka mpangaji apake rangi upya anapotoka, na kama ulitia sahihi kipengele hicho, hilo limekushika. Lakini la kusafisha halifuati. Mwandikie landilodi kwa upole akupe risiti: nani alisafisha, lini, kwa kiasi gani, na rangi ilinunuliwa duka gani. Usitukane. Matusi ya kwenye simu yanahifadhika kuliko pesa. Tafuta nawe ulichonacho, picha za siku ya mwisho na rekodi ya M-Pesa ya siku ulipolipa deposit.

Akinyamaza, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inapokea madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Mara nyingi mtu akisikia tu kwamba unaijua njia ya kwenda huko, risiti zilizopotea huonekana, au pesa.

Swali: Asalaam aleikum bibi. Mie mtu wa Unguja, naishi London. Nahama fleti na ejenti ananambia lazima nilipe kampuni ya usafi anayoitaka yeye, ama sivyo anakata kwenye dipoziti. Jiko la oveni limeungua mafuta na birika na mabomba yamefanya mawe meupe. Nifanye nini? (Mama wa Unguja, London)

Jibu: Waaleikumu salaam, mwanangu. Nina mtoto wa dada yangu huko Uingereza, amehama mara 5 na kila mara amenipigia simu, kwa hiyo jibu lako ninalo.

Ejenti anakutisha. Tangu Juni 2019 sheria ya England inawakataza wenye nyumba na mawakala kumlazimisha mpangaji kulipia kampuni ya usafi. Wanachoweza kudai ni fleti irudi katika usafi uleule uliokuwepo ulipoingia, ukisafisha wewe au shetani mwenyewe. Dipoziti yako pia si ya kuchezea atakavyo: inatakiwa kuwa imesajiliwa kwenye mfuko wa ulinzi unaotambuliwa na serikali, ndani ya siku 30 tangu ulipoilipa, na kwa kodi za kawaida haizidi kodi ya wiki 5. Mkivutana, mfuko huo una wasuluhishi wasiotoza kitu, na ni juu ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba anastahili kukata. Tafuta ile orodha mliyoandikishana ulipoingia. Kama imesema oveni ilikuwa na mafuta, basi hata ikitoka nyeupe umempa zawadi.

Mawe meupe ni rafiki zetu walewale wa Segerea. Maji ya London yanapita kwenye miamba ya chokaa, ni magumu kama ya visima vyetu. Birika lijaze nusu maji nusu siki, lichemshe, liache saa moja, limwage, lichemshe tena maji matupu mara mbili. Mabomba, rudi juu kwenye jibu la muuza maandazi.

Oveni: zile nyavu zake toa usiku, zilaze kwenye beseni la kuogea juu ya taulo kuukuu ili beseni lisikwaruzike, mwaga maji ya moto sana na vikombe viwili vya sabuni ya unga, lala. Asubuhi mafuta yanatoka kwa sponji. Ndani paka uji wa magadi au ile soda ya kuokea, epuka zile waya zinazopata moto, uache usiku kucha, ufute kwa kitambaa chenye maji mara nyingi mpaka uchoke. Kioo cha mlango wa oveni ndicho atakachokiangalia kwanza. Ukitumia ile dawa kali ya dukani, madirisha wazi na glavu mpaka kwenye viwiko.

Swali: Mama shikamoo, naona aibu. Chumba changu Morogoro kina kunguni. Nikihama na kitanda, nitahama nao? Na atakayekuja baada yangu je? (Usinitaje)

Jibu: Marahaba, sikutaji. Kunguni hawachagui mchafu na msafi, wanachagua mwenye damu, aibu weka pembeni.

Utahama nao, ndiyo. Wanakaa kwenye maungio ya kitanda, mishono ya godoro na nyuma ya picha ukutani, na wanaweza kukaa miezi bila kula wakikusubiri. Dawa ya kupuliza ovyo inawatawanya tu, wanahamia kwa jirani. Kinachowaua bila ubishi ni joto. Nguo zote, mashuka na mapazia yaloweke kwenye maji ya moto kabisa, yakauke juani, yaingie kwenye mifuko safi na kufungwa palepale, na usiifungue mpaka uendako. Kitanda kifungue vipande vipande uani, mimina maji yanayochemka kwenye kila tundu la skrubu. Rudia baada ya wiki moja au mbili, maana mayai yanayopona mara ya kwanza yanakuwa yameanguliwa. Godoro lililojaa madoa meusi kwenye mishono, mwanangu, liache, lakini usiliweke barabarani likiwa zima. Lichane, lisiokotwe.

Na mwambie mwenye nyumba. Najua hutaki. Mimi aliyeniambia nilimshukuru nikaita mpulizaji kabla sijapangisha. Aliyeninyamazia, vyumba 3 viliambukizwa na wapangaji wawili wakaondoka.

Swali: Shikamoo mama. Balbu zote nilinunua mwenyewe. Naweza kuondoka nazo? (Temeke)

Jibu: Marahaba. Ni zako, hazidaiwi. Lakini nikusimulie.

Nilikuwa na mpangaji, kijana msafi kupita kiasi. Alisafisha chumba kikang'aa, akafungua balbu zote 4 akaenda nazo, akaniachia funguo dukani. Nilifika kukagua magharibi imeshaingia. Nikawasha tochi ya simu, nikaishika chini kidogo kama tunavyoshika wote. Mwanga wa ubavuni haufichi kitu. Niliona mistari ya dekio sakafuni, alama za vidole kwenye swichi, unywele mmoja kwenye sinki, na tundu la msumari lililojazwa vizuri ambalo mchana nisingelijua hata ningelala pale. Nikaanza kuhesabu kichwani nitamkata ngapi. Kisha nikajionea haya, nikaenda chumbani kwangu, nikafungua balbu ya juu ya kitanda changu, nikaja kuifunga kwake, nikaangalia upya. Chumba kilikuwa safi kuliko changu. Pesa yake nilimtumia yote usiku uleule, na nikalala gizani, maana balbu niliisahau kwake.